ZIWA LA WAZEE WAO
Kumbukumbu za utotoni zilizohamia Dzaleka

Yapo mambo mawili ambayo binadamu huyachukua po pote aendapo bila ya kuyafunga katika furushi: lugha ya mama yake, na mahali alipochezea alipokuwa mtoto. Aliyelelewa kando ya maji makubwa ndiye hasa asiyesahau. Hata akiishi miaka 30 juu ya uwanda mkavu, upepo ukivuma jioni hugeuza uso kama mtu anayetazamia kuona mashua zikirudi.

Watu wa namna hiyo ni wengi mno katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 40 na kitu kutoka Lilongwe, mji mkuu wa Malawi. Kwa miaka mingi wengine walipata makazi na kufungua maduka mjini Lilongwe kwenyewe, katika vitongoji vinavyotajwa kwa namba tu, kama Area 23, kwani ndivyo mji huo ulivyopangwa. Kiswahili chao ni cha Kongo ya mashariki na Burundi, na masimulizi yao, yaanzapo, huanzia majini.

MIJI ILIYO UKINGONI

Uvira, Baraka na Kalemie ni miji ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita zipatazo 670, na kina chake hufikia mita 1,470 hivi. Hapa duniani ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake linalolishinda kwa kina. Kalemie, ambayo hadi mwaka 1966 iliitwa Albertville, ni mji wa bandari na reli. Reli hiyo iliyotoka Kabalo iliufikia ukingo wa ziwa mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza.

Mtoto wa miji hiyo hakuhitaji nauli ili apate mapumziko. Shule ilipofungwa, ziwa lilikuwa mlangoni. Asubuhi alikwenda na mama yake kufua na kusugua masufuria kwa mchanga. Mchana alijifunza kuogelea kwa kuwaiga wakubwa wake. Alasiri aligeuza ndagala walioanikwa juani na kuwafukuza kuku. Chakula cha sikukuu kilikuwa mikebuka wa kuchoma, sombe iliyoungwa kwa mawese, na ugali wa muhogo.

Usiku ndio uliokuwa na fahari kupita mchana. Wavuvi wa ndagala hutoka giza likiingia, wakiwa na taa za kuwavuta samaki. Zamani zilikuwa karabai; siku hizi taa za betri zimeshika nafasi yake. Kwa mtu aliye ufukoni, taa hizo huonekana kama mji wa pili uliojengwa juu ya maji. Mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa sababu nuru yake hushinda nuru ya taa na samaki hawakusanyiki. Hivyo mtoto wa ukingoni aliijua kalenda kabla hajajua kusoma: giza lilimaanisha kitoweo, na mbalamwezi ilimaanisha baba yuko nyumbani.

Wapo pia wanaoikumbuka meli Liemba. Meli hiyo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, kisha ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Mwaka 1997 Umoja wa Mataifa uliitumia kuwarudisha makwao Wakongo waliokuwa wamekimbilia Tanzania. Kwa wengine, basi, meli ile ile iliyokuwa tamasha la utotoni ndiyo iliyokuja kuwa chombo cha safari ya ukimbizi.

LIKIZO KANDO YA MAJI

Tamaa ya kwenda majini si ya Waafrika peke yao. Huko Wales, katika Uingereza, wachimbaji wa makaa ya mawe wa mabonde ya kusini walikuwa wakipewa likizo ya pamoja ya majuma mawili mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti. Mabonde yalihama, kwa desturi, kwenda miji ya pwani kama Porthcawl na Barry Island. Migodi ilikwisha fungwa, lakini wazee waliokuwa watoto siku hizo hata leo husimulia mchanga na mawimbi yale kwa furaha. Mtu aliyeshinda gizani chini ya ardhi mwaka mzima aliuthamini upeo wa bahari kuliko tajiri aliyeuona kila siku.

Wakazi wa Lilongwe nao wana pwani yao. Ni Senga Bay, wilaya ya Salima, mwendo wa kilomita zipatazo 120 kutoka mjini. Mwisho wa juma na siku za sikukuu jamaa hujaza magari na kuteremka kwenye Ziwa Malawi kula chambo wa kukaanga na kuwaacha watoto wacheze mchangani. Mzazi mwenye busara huuliza kwanza wenyeji mahali palipo salama, kwani mamba na viboko wapo katika baadhi ya sehemu, na kichocho huambukizwa katika maji ya kina kifupi yenye konokono na majani. Dawa yake ipo hospitalini, nayo hutibu vyema.

Lakini kwa mtoto wa Dzaleka, kilomita hizo si rahisi. Malawi ilipoingia katika mkataba wa kimataifa wa wakimbizi mwaka 1987, iliweka masharti yake, na mojawapo linahusu uhuru wa kutembea. Mkimbizi hutakiwa kukaa kambini, na atokapo awe na ruhusa.

MTOTO ASIYELIJUA ZIWA

Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 ilifanywa kambi ya wakimbizi. Ilikusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000. Machi mwaka huo serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na mwezi Mei polisi na askari walianza kuwakusanya mijini. Maduka yalifungwa, na wapo watoto waliotolewa katika shule walizozizoea.

Hapa ndipo kumbukumbu za utotoni zinapoacha kuwa mazungumzo ya jioni tu. Sheria ya uraia ya Malawi humfuata mzazi, si mahali pa kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa Dzaleka na wazazi wa Baraka, kwa sheria, bado ni wa ukingo wa ziwa asilopata kuliona. Akiulizwa kwao ni wapi, hana jibu ila lile alilosimuliwa. Na kama hakusimuliwa, hana jibu kabisa.

Tena mahali penyewe hapangoji. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda mno, yakaingia katika nyumba na barabara za Uvira, Kalemie na Bujumbura. Ufuko aliochezea mama huenda leo uko chini ya maji, na picha iliyobaki ni ile iliyomo kichwani mwake.

Wazazi wengi hunyamaza, nao wana sababu. Ziwa lile lile lililowalea ndilo walilolivuka usiku wakikimbia. Huogopa kwamba wakifungua mlango wa mambo matamu, machungu nayo yatapita. Hata hivyo mtoto huusoma ukimya. Asipoambiwa lo lote, hudhani kwamba kwao hakukuwa na lo lote ila vita.

JIKONI NDIKO PA KUANZIA

Masokoni Lilongwe huuzwa usipa, samaki wadogo wa Ziwa Malawi. Kwa ukoo, usipa si ndugu wa ndagala: ndagala wako karibu na dagaa wa baharini, na usipa wako katika jamii nyingine. Lakini chunguni hupikwa kwa namna moja. Chambua usipa wakavu, uwaondoe vichwa na mchanga, waoshe kwa maji ya moto mara mbili, uwachuje. Kaanga kitunguu katika mawese kidogo, tia nyanya na chumvi, kisha samaki, ufunike kwa moto mdogo. Kula kwa ugali, ambao Wamalawi huuita nsima. Mtoto akiuliza kwa nini mama hupika hivi, mama amepata pa kuanzia.

Yafaa pia kumchorea mtoto ramani ya mtaa: nyumba ilipokuwa, njia ya kwenda majini, mahali mashua zilipotua. Afundishwe majina ya samaki na ya pepo. Asimuliwe kwa umri wake: mdogo aambiwe michezo; mkubwa aambiwe pia kwa nini waliondoka, kwa maneno ya kweli yasiyopandikiza chuki. Tangu mwaka 2014 kambi hiyo imekuwa na Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na msanii Mkongo Menes la Plume, ambapo wageni kutoka Lilongwe huja kuona ngoma na muziki wa wakazi. Hiyo ni njia nyingine ya kuonyesha kwamba wakimbizi hawakuja mikono mitupu.

Jambo hili lawahusu askari na jamaa zao kuliko wanavyodhani. Mtoto wa kota hukulia kambini, huhama kila baba au mama apatapo uhamisho, na aghalabu huijua nyumba ya babu kwa jina tu. Aidha, askari wa Tanzania, Malawi na Afrika Kusini waliungana katika Brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopelekwa Kongo ya mashariki mwaka 2013. Walioziona nchi hizo za maziwa wanajua kwamba si uwanja wa vita tu. Askari huyo, akikutana na mkimbizi njiani au langoni, atende kazi yake kwa mujibu wa sheria, lakini akumbuke kwamba anayemkagua hati naye aliwahi kuwa mtoto mwenye miguu mitupu mchangani.

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Mkimbizi hakuiacha asili yake kwa kupenda, wala haimlazimu kumnyima mtoto wake. Ruhusa ya kutoka kambini hutolewa na wakubwa. Ruhusa ya kusimulia iko mkononi mwa mzazi, na haihitaji mhuri.