Pikipiki ikigoma kuwaka asubuhi: pima mgandamizo kabla ya kushusha injini

Alfajiri dereva wa bodaboda anapiga kiki mara ishirini, pikipiki haiwaki. Anaisukuma kwenye mteremko, inawaka, na ikishapata moto haina neno mpaka jioni. Kesho yake ni yale yale. Baada ya wiki mbili hata mteremko hautoshi, inabidi wenzake wa kijiweni wamsukume. Akifika kwa fundi na maelezo hayo, mara nyingi atapewa jibu moja: ringi zimekwisha, tushushe injini, tubadilishe bloku na pistoni.

Kwa dereva wa mkataba, anayepeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku, jibu hilo maana yake ni siku mbili au tatu bila kazi, na deni juu. Wakati mwingine fundi yuko sahihi. Lakini dalili hizo hizo huletwa pia na valvu iliyokaza, tatizo ambalo likiwahiwa humalizwa kwa spana bila kununua kipuri hata kimoja. Ukiwa umesimama nje ya injini, makosa hayo mawili yanafanana sana. Yanatenganishwa kwa kupima.

Plagi kwanza

Injini inahitaji vitu vitatu ili iwake: petroli iliyochanganyika na hewa, cheche, na mgandamizo, ambao mafundi huuita kompresheni. Viwili vya kwanza vikaguliwe mapema kwa sababu havihitaji kufungua injini. Hakikisha swichi ya kuzimia haijaguswa (hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali), piga kiki kama kumi, kisha fungua plagi. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki: angalia koki ya tangi, kichujio na kabureta. Pikipiki inayowaka kwa choki tu na kuzima choki ikirudishwa, mara nyingi jeti yake ndogo ya kabureta imeziba. Petroli ya kwenye chupa yenye maji au mchanga huleta balaa hilo.

Ikiwa plagi imelowa, petroli inafika. Ikaushe, irudishe kwenye waya wake, gusisha chuma chake kwenye hedi na piga kiki. Iweke mbali na tundu lake, maana mvuke wa petroli unaotoka hapo unaweza kushika moto. Cheche nzuri ni ya buluu na inaonekana hata mchana. Ikiwa ya njano na dhaifu, jaribu plagi mpya kabla ya kulaumu koili.

Petroli ipo, cheche ipo, na bado inagoma? Hapo ndipo pa kuuliza habari za mgandamizo.

Kwa nini mteremko unaiwasha

Pistoni ikipanda, valvu zote mbili zinatakiwa ziwe zimefunga kabisa. Hewa na petroli vinabanwa kwenye nafasi ndogo, vinapata joto, na cheche ikiruka vinalipuka kwa nguvu. Kukiwa na upenyo, sehemu ya hewa hiyo inatoroka kabla cheche haijafika. Kiki huzungusha injini polepole, kwa hiyo upenyo unapata muda wa kutosha kuvujisha. Kwenye mteremko injini inazunguka haraka zaidi, na hewa haiwahi kutoka yote. Ndiyo maana pikipiki inayokubali kusukumwa na kukataa kiki, huku plagi na petroli vikiwa vizima, inatia shaka ya mgandamizo.

Upenyo huo una njia tatu: pembeni ya pistoni kama ringi au silinda vimelika, kwenye valvu, au kwenye gasketi ya hedi.

Valvu ndiyo husahaulika, kwa sababu inapoharibika injini hunyamaza. Kila valvu inapojifunga hugonga kiti chake, na kadiri vinavyolika mti wa valvu husogea juu kuelekea roka. Nafasi ndogo iliyoachwa kati yao inapungua, kelele ya tiki-tiki inaisha, na dereva anafurahi kwamba injini imetulia. Nafasi ikiisha kabisa, valvu inabaki wazi kidogo muda wote. Ile ya ekzosi ikiachwa hivyo huungua ukingo, kwa sababu hupoza joto lake kwa kugusa kiti. Binafsi naona injini inayolia kidogo si ya kuogopwa kama ile iliyonyamaza ghafla.

Nafasi yenyewe ni ndogo sana. Kwa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na ambayo muundo wa injini yake umenakiliwa katika pikipiki nyingi za Kichina, ni milimita 0.08, karibu unene wa unywele mmoja. Aina nyingine zina vipimo vyao, tazama kitabu cha pikipiki yako. Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, alama ya T ya magneto ikiwa imelingana na alama ya kwenye injini, na roka zote mbili zikicheza kidogo. Fundi anayerekebisha tapeti injini ikiwa ya moto, bila kipimio cha bati, kwa kutikisa roka na vidole, anabahatisha.

Kijiko kimoja cha oili

Sasa kipimo chenyewe. Geji ya kompresheni hufungwa kwenye tundu la plagi, na pikipiki nyingi ndogo zina uzi wa milimita 10 au 12. Injini iwe na joto kidogo kama inawezekana, vuta mafuta mpaka mwisho, kisha piga kiki mpaka mshale uache kupanda. Mkono wa mafuta ukiachwa umefungwa, hewa haiingii ya kutosha na namba itasema uongo. Injini nyingi ndogo zilizo nzima husoma karibu kilo 10 hadi 12 kwa sentimita mraba, yaani takriban psi 140 hadi 170.

Mahali nako kuna maana. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi. Injini inayosoma psi 160 Dar es Salaam itasoma karibu 130 huko, bila ubovu wowote.

Namba ikiwa chini, rekebisha tapeti kwanza na upime tena. Ikiwa bado iko chini, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ya injini kwenye tundu la plagi, zungusha injini mara chache, pima tena. Oili huziba kwa muda nafasi iliyo kati ya ringi na silinda. Namba ikiruka juu, ringi au silinda vimekwisha. Isiposogea, hewa inatokea kwenye valvu au gasketi, na bloku mpya haitasaidia kitu. Usizidishe oili, kwa sababu nayo inachukua nafasi na kupandisha namba kwa hila.

Asiye na geji anaweza kutumia upepo wa fundi pancha kupitia plagi ya zamani iliyotobolewa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo. Weka gia na ushike breki ya nyuma, maana upepo unaweza kuzungusha gurudumu. Kisha sikiliza. Mlio kwenye kabureta ni valvu ya kuingiza, kwenye ekzosi ni valvu ya kutoa, kwenye tundu la kuwekea oili ni ringi. Gasketi huonekana kwa kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya hedi.

Kama ni valvu na tapeti ziko sawa, hedi inafunguliwa na valvu zinasagwa au kubadilishwa. Bloku inabaki mahali pake. Kama ni ringi, uliza pia sponji ya kichujio cha hewa iko wapi. Wapo wanaoitoa ili pikipiki ipumue vizuri, na vumbi la barabara ya changarawe linaingia moja kwa moja kusaga silinda. Silinda iliyokwaruzwa au kulika kupita kiasi haiponi kwa ringi mpya peke yake: huchongwa na kuwekewa pistoni ya saizi kubwa zaidi, kwa kawaida kuanzia 0.25, au hubadilishwa yote.