Vifaranga Kambini: Adui wa Kwanza ni Baridi ya Usiku

Katika kambi zetu za Kampala, toka Mbuya na Makindye hadi Nsambya na Naguru, si jambo la ajabu kusikia sauti za vifaranga nyuma ya nyumba za askari. Mshahara una kikomo na watoto wanadaiwa karo. Kwa hiyo askari au mkewe hununua vifaranga 100 wa siku moja, akitumaini kuuza kuku au mayai baada ya miezi michache. Aghalabu tumaini hilo huvunjika kabla ya wiki ya pili kwisha. Vifaranga hufa kwa wingi, na mwenye mali hukimbilia duka la dawa, ama humtilia shaka jirani yake.

Nami yalinifika hayo hayo. Asubuhi ya siku ya tano nilikuta vifaranga 31 wamekufa, wote katika pembe moja ya chumba. Dawa nilikuwa nimekwisha kuishika mkononi alipopita mke wa sajini mmoja, mfugaji wa miaka mingi. Aliwatazama akasema, "Afande, hawa hawakuugua. Hawa wamelaliana."

Kifaranga huanguliwa akiwa na akiba ya kiini cha yai tumboni, ambayo yaweza kumlisha siku mbili hata tatu. Ndiyo maana husafirishwa mbali ndani ya boksi bila chakula na asife. Lakini joto hana akiba nalo. Kabla manyoya hayajaota hawezi kujitunzia joto la mwili, na katika wiki ya kwanza huhitaji nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, zikipunguzwa kama nyuzi 3 kila wiki. Usiku wa Kampala hushuka hadi nyuzi 17 au 18. Tena wengi wetu tumepata kukaa katika vile vibanda vya duara vya bati ambavyo askari walivibandika jina la "mama ingia pole". Bati huunguza saa nane mchana, na saa tisa usiku ni baridi kama jiwe. Mchana vifaranga hutweta na kutawanyika. Usiku hurundikana, na walio chini hukosa pumzi. Hata anayenusurika hubaki na taabu: hali vizuri, kiini huoza tumboni, kitovu huvimba, na kinyesi humganda nyuma. Hapo ndipo watu husema ugonjwa umeingia.

Dawa yake ni kuzungusha ukuta wa maboksi au mkeka ili pasiwe na pembe, na kuweka chanzo cha joto katikati. Asiye na kipimajoto na atazame wanavyolala. Wakirundikana, wanaona baridi. Wakikimbilia ukutani, joto limezidi. Wakitawanyika kwa utulivu, mambo ni mema. Katika shule ya kadeti tulifundishwa kukagua lindo saa ile mlinzi amechoka. Kwa vifaranga, saa hiyo ni tisa usiku.

Na hapa sina budi kusema kwa ukali. Wengine huwasha sigiri ya makaa, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala chumba kimoja na vifaranga pamoja na watoto. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Sigiri isiwashwe kamwe katika chumba wanacholala watu, na penye vifaranga pawe na tundu la hewa juu.

Kuanzia wiki ya tatu hivi huja adui mwingine, koksidiosisi, inayojulikana kwa kinyesi chenye damu. Vijidudu vyake hukomaa kwa siku moja au mbili katika matandiko yenye unyevu, na dawa nyingi za kuulia wadudu haviziogopi. Dawa ya amproliamu husaidia ikiwahi. Lakini maganda ya kahawa yaliyolowa kando ya chombo cha maji yasipotolewa kila siku, utanunua dawa hiyo tena na tena.

Mdondo, kwa upande wake, hauna tiba, una chanjo tu. Chanjo iliyo hai hununuliwa Nakivubo asubuhi, ikatembezwa mfukoni juani hadi jioni, nayo hufika kambini imekwisha kufa. Wengine huichanganya na maji ya bomba, wasijue kwamba klorini inayosafisha maji yetu huiua pia. Ibebwe ndani ya barafu, ichanganywe na maji safi yasiyo na klorini, na ratiba ipangwe na daktari wa mifugo.

Iwapo bado wanakufa, usitupe mizoga jalalani wala kumpa mbwa. Mpelekee daktari mmoja aliyekufa asubuhi hiyo hiyo, ampasue na kumchunguza kabla hujatumia shilingi nyingine dukani.