Diski ya Akiba Ipo, Kompyuta Imekataa Kuamka

Mwalimu mmoja mstaafu aliingia kibandani kwangu hapa Kaloleni, Voi, amebeba kompyuta kuukuu ya mezani aina ya Dell, na diski ndogo ya nje ameifunga kwenye leso. Yeye ndiye mweka hesabu wa kikundi chao cha kuweka na kukopa. Stima ilipotea usiku kucha, na iliporudi mashine ikawa inaishia kwenye skrini ya buluu.

"Sikuwa na wasiwasi," akaniambia, "kwa sababu kila Ijumaa nanakili kila kitu humu. Sasa nimeichomeka, nimewasha, inaniandikia 'No bootable device'. Fundi, kumbe nilikuwa najisumbua bure?"

Niliichomeka kwenye kompyuta yangu. Hesabu zote zilikuwamo, mpaka za Ijumaa iliyotangulia. Swali lake naletewa mara nyingi, nami hulipa uzito, maana anayeliuliza amefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: ameweka akiba. Ila diski inayotunza faili ni kitu kimoja, na diski inayoweza kuamsha kompyuta ni kitu kingine.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Windows haipo bado. Inayoanza ni programu ndogo iliyomo kwenye ubao mama, na kazi yake ni kutafuta pa kuanzia. Ile ya zamani, BIOS, inayotoka enzi za IBM PC ya 1981, husoma baiti 512 za mwanzo kabisa za diski. Ya sasa, UEFI, hutafuta sehemu ndogo iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, yenye faili la kuanzishia. Mwalimu alipokuwa akiburuta mafolda yake kila Ijumaa, vitu hivi viwili havikuguswa. Vinabebwa tu na programu inayonakili diski nzima kama ilivyo.

Hata nakala nzima inaweza kugoma. Voi tuna reli mbili: ile ya kale yenye upana wa mita 1, na SGR iliyoanza kubeba abiria 2017, yenye milimita 1,435. Behewa zima kabisa la reli moja haliwezi kupita kwenye nyingine. Diski iliyotengenezwa kwa utaratibu wa BIOS nayo haiamki kwenye mashine iliyowekwa UEFI peke yake, wala kinyume chake. Ingia kwenye mipangilio ya mashine, tazama imewekwa hali gani, kisha ulinganishe na diski.

Kabla ya hayo, hakikisha diski inaonekana. Washa huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP, upate menyu ya kuchagua diski. Isipoorodheshwa, shuku waya na umeme. Tundu la USB 2 limekadiriwa miliampia 500, la USB 3 miliampia 900. Diski inayozunguka ikikosa nguvu hutoa sauti ya tik, tik, kisha kimya. Ichomeke moja kwa moja nyuma ya mashine, usipitishe kwenye kigawanya matundu. Na kompyuta ikikuomba ruhusa ya kuiformati diski hiyo, kataa. Nimeona watu wakikubali kwa haraka, wakafuta kile kile walichokuja kuokoa.

Watumiaji wa Mac wana kikwazo chao. Mac za Intel zenye chipu ya T2 hukataa kuamkia diski ya nje mpaka mwenyewe aruhusu kwenye mipangilio ya usalama. Zenye chipu za Apple zenyewe, zilizoanza kuuzwa 2020, huanzia ndani kwanza. Diski ya ndani ikifa, ya nje haitasaidia.

Turudi kwa mwalimu. Kilichonishtua ni saa ya mashine: ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Nilifungua kasha, nikapuliza vumbi jekundu letu hili, nikachomoa betri bapa ya CR2032, ile inayofanana na sarafu. Mpya hutoa volti 3. Mita yangu ilisoma 2.1. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani, hulinda kumbukumbu ya mipangilio kwa umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, ndiyo maana betri iliyokufa hujificha kwa miezi. Stima ilipokatika usiku ule, mipangilio ikafutika, na namna ubao unavyowasiliana na diski ikatoka AHCI ikarudi RAID iliyotoka nayo kiwandani. Windows ikashindwa kuifikia diski yake yenyewe, ikaleta skrini ya buluu. Diski ya ndani ilikuwa nzima muda wote.

Nikaweka betri mpya, nikarudisha AHCI, Windows ikafunguka. Kwake haikuwa na kufuli la BitLocker. Ingekuwa nalo, mabadiliko kama haya yangeweza kuifanya idai ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo uandike wako mahali salama, nje ya kompyuta hiyo.

Hakuondoka hivi hivi. Nilimwandalia flashi ya GB 8 yenye kianzishi cha Windows, kwa sababu Windows ya kawaida haikuundwa kuishi kwenye diski ya USB. Ya ndani ikifa siku moja, ataamkia flashi, aiweke Windows kwenye diski mpya, kisha arudishe faili. Tukaijaribu pale pale, yeye mwenyewe akigonga F12 hadi menyu ikatokea. Akaomba kalamu na kipande cha plasta, akaandika "F12" kwa mwandiko wake wa ubaoni, akakibandika mbele ya kasha, juu kidogo ya kitufe.