Shukrani Haifuti Dai

Anayefika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, akitokea Kivu au Burundi huambiwa mapema sana, "Shukuru Mungu, u hai." Ndugu humwambia, mchungaji humwambia, hata mgeni aliyekuja kwa siku moja kupiga picha. Ni kweli, uhai ni jambo kubwa. Lakini shukrani anayoagizwa mtu si sawa na ile inayomtoka mwenyewe, na sisi tunaoshughulika na afya ya akili tunategemea hii ya pili.

Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambamo wanafunzi waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru. Wengine waliandika kero zao, na kundi la tatu matukio ya kawaida tu. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa jicho jema zaidi na kuitazamia wiki iliyofuata kwa matumaini. Tangu hapo zoezi hilo limerudiwa mara nyingi. Ukijumlisha matokeo, faida ipo, ila kwa sonona na wasiwasi ni ndogo. Nalisema waziwazi kwa sababu inaniuma kuona shukrani ikiuzwa kama dawa ya kila ugonjwa.

Hiyo faida hutoka wapi? Akili huzoea. Jema likidumu halionekani tena, ilhali kero mpya huonekana papo hapo. Zoezi hurudisha macho kwenye kilichozoeleka, na kwa hiyo lazima liwe mahususi. Ukiandika "afya, watoto, chakula", kesho utayarudia hayo hayo bila kufikiri. Andika hivi: "Jumanne nilikuwa na homa. Jirani alikwenda bombani akanijazia ndoo mbili, kisha akapika sombe, akawaita wanangu wale pamoja na wake." Hapo kuna siku, kuna mtu, na kuna alichojinyima, maana kwa foleni za maji za Dzaleka ndoo mbili si kazi ya dakika tano.

Foleni hizo zina sababu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza enzi za Rais Kamuzu Banda, kwa ajili ya watu kama 10,000. Sasa wamepita 50,000. Machi 2023 Serikali ya Malawi iliwaamuru wakimbizi walioishi nje ya kambi warudi Dzaleka, na Mei polisi wakaanza kuwakamata Lilongwe. Watu waliokuwa na maduka na wateja wa miaka mingi wakaanza upya kambini. Mtu kama huyo ukimhimiza ashukuru alichobaki nacho kabla hajapata nafasi ya kutaja alichopoteza, umemziba mdomo. Methali ya asiyeshukuru kidogo hashukuru kingi imetumika vibaya sana kwa njia hiyo. Mtu anaweza kumshukuru jirani kwa ndoo ya maji, na siku hiyo hiyo akadai haki ya kufanya kazi. Moyo mmoja unayabeba yote mawili bila shida.

Kuna pia suala la deni. Watafiti hulitenganisha na shukrani: shukrani humsogeza mtu karibu na aliyemtendea wema, deni humfanya amkwepe. Anayepokea tu mwezi hadi mwezi, asipate nafasi ya kutoa, hulemewa na deni hata kama moyo wake ni mwema. Ndiyo maana naipenda Tumaini Festival, iliyoanzishwa kambini mwaka 2014 na mshairi kutoka Kongo, Trésor Nzengu Mpauni, anayejulikana zaidi kama Menes la Plume. Muziki wa tamasha hilo unavutia, lakini mimi huangalia zaidi mpango wa wageni kulala majumbani mwa wakimbizi. Mkimbizi ndiye anayetandika kitanda na kusonga ugali, na asubuhi ndiye anayeambiwa asante. Sijui daftari la shukrani litakalofikia hapo.

Ukitaka kujaribu, mara moja kwa wiki yatosha; katika kazi ya mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky waliofanya hivyo walinufaika kuliko waliofanya mara tatu. Aliyefiwa juzi, au asiyelala wala kula, asisukumwe kwenye zoezi hili. Apelekwe kwanza kituo cha afya. Zoezi lenye nguvu zaidi ni lile ambalo mwanasaikolojia Martin Seligman na wenzake walilijaribu mwaka 2005: kumwandikia barua mtu ambaye hukuwahi kumshukuru ipasavyo, kisha kumpelekea mwenyewe. Furaha ya waliolifanya ilidumu karibu mwezi mzima. Kwa watu wa Dzaleka, mtu huyo huenda amekwisha kuhamishiwa Kanada au Australia. Basi mtumie ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Mtajie alichokufanyia, siku yenyewe na mahali penyewe, na kilichobadilika kwako baada ya hapo. Ombi la pesa, hata kama lipo na ni la haki, litume siku nyingine.