Nondo wa Bogong

Nondo wa Bogong, Agrotis infusa, ni mdudu wa kahawia mwenye uzito wa takribani theluthi moja ya gramu, lakini safari yake huweza kufika kilomita 1,000. Huzaliwa kwenye nyanda za malisho za mashariki mwa Australia. Viwavi wake, jamaa ya sota wanaokata miche shambani, hula majani mabichi wakati wa baridi, kisha hujizika udongoni na kugeuka pupa.

Nyanda zinapoanza kukauka, nondo huruka usiku kuelekea Alps ya Australia, milima ambayo hawajawahi kuiona. Watafiti wamebaini kwamba huongozwa na usumaku wa dunia na, la ajabu zaidi, na nyota. Hupitisha kiangazi katika mianya ya miamba yenye ubaridi, wakijipanga kama vigae, hadi 17,000 kwa mita moja ya mraba. Nje kuna nyasi za mlimani na maeneo oevu yanayohifadhi maji ya theluji. Joto likipungua, nondo hurudi nyandani, hutaga mayai na kufa.

Mafuta ya miili yao yalikuwa chakula cha karamu za Waaborijini, na hadi leo humlisha mnyama mdogo adimu, Burramys parvus, akiamka kutoka usingizi wa baridi. Ukame mkali uliokumba nyanda mwaka 2017 uliangusha vibaya idadi ya nondo hao. Mwaka 2021 waliingizwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.