Upekuzi Uende Penye Hatari

Msafiri wa baina ya visiwa vyetu na Bara anaufahamu vyema upekuzi wa bandarini. Mama aliyechukua vitenge viwili vya wanawe husimama foleni moja na mfanyabiashara mwenye marobota, na kapu lake hufunguliwa kwa bidii ile ile. Hatusemi upekuzi uondolewe. Tunauliza tu, ni hatari gani itafutwayo ndani ya kapu lile?

Forodha za nchi nyingi zimekwisha kuiacha desturi ya kupekua kila kitu. Mkataba wa Uwezeshaji Biashara wa Shirika la Biashara Duniani, ulioanza kutumika tarehe 22 Februari, 2017, unataka nguvu za forodha zielekezwe kwenye shehena zenye hatari kubwa, na zenye hatari ndogo ziachiwe upesi. Hatari hiyo hupimwa kwa kutazama aina ya bidhaa, nchi itokako, thamani yake, chombo kilichoipakia, na mwenendo wa mwenye mali katika siku zilizopita. Mizigo michache isiyotiliwa shaka nayo hupekuliwa kwa bahati nasibu, ili mjanja asijione amekwisha kuipata njia.

Kwetu hili si jambo la vitabuni. Kwa miaka mingi karafuu ya Pemba imekuwa ikitoroshwa kwenda Kenya kwa mashua, usiku, kupitia bandari bubu ambako hakuna meza ya ofisa wala taa. Magunia hayapiti penye foleni. Maofisa wakijazana getini kufungua mabegi ya abiria, nani atabaki kuutazama ufukwe? Mkulima aliyeuza kwa halali na Serikali iliyomlipa ndio wanaohasirika.

Lipo, hata hivyo, la kuhofia. Kupima hatari pasipo kumbukumbu ni dhana tupu, na dhana haikawii kumwangukia mnyonge: mvuvi, mchukuzi, kijana asiyejulikana na mkubwa yeyote. Mkataba wenyewe umeonya juu ya ubaguzi usio na sababu. Kwa hiyo tunawataka wakuu wa bandari waamuru kila upekuzi uandikwe: ni mzigo gani, ulitiliwa shaka kwa nini, na kimeonekana nini ndani yake. Daftari hilo likisomwa baada ya miezi mitatu, wahusika wataweza kuamua kama mashua ya doria inahitaji mafuta zaidi kuliko geti linavyohitaji ofisa mwingine.