Gurudumu la Mbele Likiinuka: Namna ya Kuirekebisha Baiskeli

Hapa kwetu Singida baiskeli ni punda asiyekula majani. Huchukua maji, kuku, mkaa, magunia ya alizeti, na hata mgonjwa wa kupelekwa zahanati. Lakini vijana wengi huitaka pia kwa mchezo. Hutaka kuinua gurudumu la mbele na kuserereka juu ya gurudumu la nyuma peke yake, bila kukanyaga pedali. Wengine hujaribu likizo nzima na gurudumu lisitoke chini. Wengine huanguka chali siku ya kwanza. Wote hudhani kwamba jambo hili lataka nguvu. Katika makala hii nataka kueleza kwamba lataka kwanza spana na rula. Tena nitaonyesha kwa nini baiskeli iliyorekebishwa kwa mchezo huo haina budi kurudishwa kama ilivyokuwa kabla haijafungwa dumu la maji.

Ziko baiskeli zilizoundwa makusudi kwa kupanda majabali, magogo na ngazi pasipo mpandaji kugusa chini kwa mguu. Mchezo huo ulikua Hispania katika miaka ya 1970, nao ulitokana na mashindano ya pikipiki. Pere Pi, mtu wa kampuni ya pikipiki ya Montesa, alimtengenezea mwanawe Ot baiskeli ya namna hiyo, na baadaye Ot Pi akawa bingwa wa dunia. Baiskeli hizo ni nyepesi, uzito wake hupata kilo 10 au pungufu. Nyingine hazina tandiko kabisa. Usukani wake uko juu, na gurudumu la nyuma limesogezwa karibu sana na pedali. Majabali yaliyouzunguka mji wa Singida yangeufaa mchezo huo. Lakini baiskeli tulizo nazo nyumbani, kama Phoenix, Avon na Hero, ni za namna nyingine. Magurudumu yake ni ya inchi 28, fremu ni ndefu, uzito wapata kilo 20, na nyingi zina breki za fito za chuma. Ziliundwa kwa kwenda mbali na kuchukua mizigo.

Sasa tutazame sababu. Darasani tumejifunza kanuni ya wenzo: uzito ukizidishwa kwa umbali wake toka kwenye egemeo, ndipo tupatapo nguvu yake ya kugeuza. Katika mchezo huu egemeo ni ekseli ya gurudumu la nyuma. Uzito wote ulio mbele ya ekseli hiyo hulikandamiza gurudumu la mbele. Uzito wote ulio nyuma yake hulinyanyua.

Tuchukue mfano. Tuseme toka ekseli ya nyuma hadi ya mbele ni sentimita 120. Mpandaji ni kilo 50, na akikaa kitako uzito wake huangukia sentimita 40 mbele ya ekseli ya nyuma. Baiskeli ni kilo 20, na uzito wake huangukia sentimita 50 mbele ya ekseli hiyo. Hamsini mara 40 ni 2,000, ishirini mara 50 ni 1,000, jumla 3,000. Gawanya kwa 120, utapata 25. Basi gurudumu la mbele limelemewa na kilo 25. Mwenye mizani ya kupimia mazao nyumbani aweza kuhakikisha mwenyewe: aweke gurudumu la mbele juu ya mizani, aweke ubao wa kimo kile kile chini ya gurudumu la nyuma, kisha apande huku mwenzake amemshika.

Ili kilo hizo 25 ziishe zote, mpandaji hana budi kuurudisha uzito wake hadi sentimita 20 nyuma ya ekseli. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini kwa baiskeli ya kilo 10, ambayo uzito wake huangukia sentimita 45 mbele, sentimita 9 zatosha. Hapo twaona kwamba bingwa hatushindi kwa misuli tu. Baiskeli yake imemfanyia nusu ya kazi. Hatuwezi kuigeuza Phoenix kuwa baiskeli ya bingwa, lakini twaweza kuisogeza karibu kidogo, kwa mambo haya matano.

Kwanza, breki ya nyuma. Gurudumu la mbele likishainuka, uzito wote huzidi kurudi nyuma, na likipita kiasi mpandaji huanguka kwa kisogo. Kinachomwokoa ni breki ya nyuma: akiigusa kidogo tu, gurudumu la mbele hushuka mara moja. Kwa hiyo asiye na breki ya nyuma iliyo nzima asiendelee kusoma. Aende kwanza kwa fundi. Mipira ya breki iwe karibu na rimu, kama milimita 2 au 3, wala isiiguse gurudumu linapozunguka. Tena mpandaji ajue pasipo kufikiri ni mkono upi uvutao breki hiyo.

Pili, tandiko. Tandiko lililo juu humzuia mpandaji kurudisha kiuno nyuma. Legeza nati yake, lishushe, kisha kaza. Lakini kabla ya kulishusha, tia alama kwenye bomba lake kwa msumari au rangi, maana kwa safari ndefu tandiko la chini huumiza magoti.

Tatu, usukani. Usukani ulioinuliwa na kurudishwa kidogo nyuma humwezesha mpandaji kunyoosha mikono huku kiuno kiko nyuma. Legeza boliti ya juu mizunguko michache, ipige polepole kwa kipande cha mti hadi kabari iliyo ndani iachie, ndipo uinue. Mabomba mengi yana alama ya mwisho wa kuinulia. Usiipite kamwe, kwa kuwa usukani ulioshika kidogo huvunjika au huchomoka. Hapa pana jambo ambalo wengi hulisahau. Katika breki za fito, usukani ukipanda fito nazo hupanda, na mipira hukaza rimu. Kwa hiyo legeza vibano vya fito, urekebishe breki upya, na uzijaribu zote mbili kabla ya kupanda.

Nne, gurudumu la nyuma. Likisogezwa mbele katika nafasi yake, ekseli hukaribia pedali, na uzito wa mpandaji hupata njia fupi ya kuipita. Ukitoa pingili mbili za mnyororo, gurudumu husogea kama milimita 13. Ni kidogo, lakini husaidia. Angalia tairi isikwaruze fremu wala madigadi, mnyororo ucheze kama sentimita moja na nusu juu na chini, na nati za ekseli zikazwe barabara pande zote mbili.

Tano, ondoa kila kitu kilicho mbele, kama kikapu na taa nzito, na ujaze upepo wa kutosha. Tairi ya nyuma ikiwa laini mno huyumba, na rimu hugonga mawe.

Baada ya hayo ndipo mazoezi. Chagua uwanja wa majani au udongo laini, mbali na barabara na mbali na watoto wadogo. Vaa viatu, na kofia ngumu kama ipo. Anza kwa mwendo wa mtu atembeaye haraka, pedali zikiwa sawa, moja mbele na moja nyuma. Inama, piga magoti kidogo, kisha sukuma kiuno nyuma na chini kwa ghafula, mikono ikinyooka. Usiuvute usukani kwa mabega. Mikono iwe kama kamba tu, uzito wa kiuno ndio uvutao. Siku za kwanza jizoeze kuinua kidogo na kushusha kwa breki, kuinua na kushusha, hata kidole kiizoee breki chenyewe. Mwenye kujua kushuka ndiye atakayejifunza kupanda.

Faida yake si kujionyesha tu. Katika njia zetu za mchanga, mawe na vijikorongo vilivyochimbwa na mvua, aliyejua kulipunguzia uzito gurudumu la mbele kwa nukta moja hulivusha jiwe bila kupinda rimu wala kukata spoki.

Lakini sasa natakia wazazi na wenzangu wasome kwa makini. Rudia mfano wetu, ufunge madumu mawili ya lita 20 kwenye keria, uzito wake ukiangukia sentimita 15 nyuma ya ekseli. Arobaini mara 15 ni 600. Toa katika 3,000, zabaki 2,400. Gurudumu la mbele sasa lina kilo 20. Panda kilima kinachoinuka mita 1 katika kila mita 10, nazo hupungua hata karibu 12. Ikiwa usukani umeinuliwa na kurudishwa, na mpandaji amekaa sentimita 10 nyuma zaidi, zaondoka kilo 4 nyingine. Zabaki 8 tu, naye bado hajakanyaga pedali kwa nguvu. Gurudumu lenye kilo 8 halishiki njia. Linapeperuka huku na huku, na baiskeli yenye kilo 110 kwa jumla haina tena wa kuiongoza. Ndivyo mchukuzi wa maji anavyoangushwa kilimani na mzigo wake mwenyewe.

Kwa hiyo marekebisho ya mchezo na marekebisho ya mzigo hupingana. Kwa mzigo, usukani urudi chini, gurudumu la nyuma lirudi mahali pake pamoja na pingili zake, na madumu yafungwe karibu na tandiko iwezekanavyo, yasining'inie nyuma ya ekseli. Kilimani, shuka usukume. Mshika mawili moja humponyoka.

Baiskeli nyingi tunazochezea likizo si zetu. Ni za baba, mama au kaka, na kesho yake alfajiri mtu mwingine ataifunga madumu bila kujua kwamba tumegusa nati. Basi alama zile za msumari tulizotia ziwe ndizo mkataba wetu na watu wa nyumbani: mchezo ukiisha, kila kitu kirudi kwenye alama yake, breki zijaribiwe, na spana irudishwe mahali ilipotoka.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne